Chupa ya Theodory katika Ngome ya Ras Chungwi

Yared Mhando wa Kilosa aliishi na hadithi moja kwa miaka arobaini na sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali juu yake. Ilikuwa hadithi nzuri, tusimnyime haki yake. Kila Siku ya Mashujaa walimu walimwita shuleni aisimulie, naye akavaa koti lake la kijani lenye medali moja, akafungia baiskeli za wateja ndani ya kibanda chake karibu na stesheni, akaenda. Aliwaeleza wanafunzi jinsi vita vya Kagera vilivyomkuta akiwa na miaka ishirini na moja, jinsi alivyovuka mpaka na rafiki yake Theodory, kijana wa Mikumi, na jinsi kombora lilivyompiga Theodory kwenye kinamasi huko Uganda akafa papo hapo mikononi mwake, bila maumivu, akitabasamu. Wanafunzi walipiga makofi. Yared alirudi kuziba pancha.

"Baba Grace," mkewe Elizabeti alimwambia mwaka mmoja, "naona safari hii Theodory kafa vizuri kuliko mwaka jana. Ukiendelea hivi, mwakani atafufuka."

Mwanamke huyo alikuwa na mdomo mkali, na macho pia alikuwa nayo. Aliona kwamba mumewe hamalizi kikombe cha maji. Kila mara huacha funda moja chini. Mwanzoni alimtania, akamuuliza anamwachia nani. Baadaye alinyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Elizabeti hakutaka kuwa kata.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Theodory hakufa papo hapo. Alipigwa risasi ya nyonga, mchana wa jua kali, kikosi chao kikiwa siku ya pili hakina maji ya kunywa, na mara amri ikaja ya kurudi nyuma. Chupa ya Theodory ilikuwa imebaki nusu, kwa sababu alikuwa kijana wa kujibana. Ya Yared ilikuwa tupu tangu asubuhi. Yared alipiga magoti, akaifungua ile chupa kwenye mkanda wa mwenzake, akamwambia, "Nakuja na machela." Theodory akasema, "Niachie kidogo." Yared hakumwachia. Aliyanywa yale maji huku akikimbia, yote. Waliporudi mahali pale baada ya siku tatu, nyasi zilikuwa zimeungua zote, na jina la Theodory likaingizwa kwenye orodha ya waliopotea vitani.

Kwa mama yake Theodory, Yared alipeleka hadithi tu. Chupa aliificha. Ilikuwa chupa ya jeshi kama zilivyo nyingine zote, ila mfuko wake wa turubai ulichanika wakati wa mafunzo, na Odilia, dada mkubwa wa Theodory, aliushona kiraka cha khanga nyekundu ya mama yao kwa uzi mweusi. Mtu hawezi kutupa kitu cha namna hiyo, wala kukirudisha hawezi. Ikakaa juu ya kabati miaka thelathini na tisa, na Elizabeti akiifuta vumbi kila Jumamosi.

Kisha wakaja watu wa makumbusho. Walisema ngome ya zamani ya Ras Chungwi, kule pwani, sasa imefanywa makumbusho ya kijeshi, na wanakusanya vitu vya wapiganaji wa Kagera kabla wenyewe hawajaisha. Wazee waliitwa ofisi ya kata. Mmoja alileta kofia, mwingine barua, Yared akaleta chupa. Karani akamuuliza, "Hii ni ya nani, mzee?"

Hapo Yared alifanya kosa ambalo ni askari tu angelifanya. Raia angejibu kwamba ni ya rafiki yake marehemu, na pengine angesifiwa. Lakini Yared alijua askari wenzake waliokaa kwenye benchi wanavyomhesabu mtu aliyetoka mstari wa mbele na chupa ya mwenzake aliyepotea: ni mtu aliyemwacha mwenzake bila maji. Akasema, "Yangu." Akapewa cheti chenye mhuri, akakitundika karibu na kalenda. Alijiambia kwamba chupa imekwenda mbali, na watu wa Mikumi wana shughuli zao, nani atapanda gari mpaka baharini kwenda kuangalia chupa?

Odilia alipanda. Akina mama wa parokia yake walikwenda kuhiji pwani, na walipomaliza sala wakatembezwa ngomeni. Ghorofani, ndani ya kabati la kioo, akaona mshono wa mkono wake mwenyewe.

Alifika Kilosa wiki iliyofuata, kwa basi la asubuhi kutoka Mikumi, mwanamke wa miaka sabini na tatu mwenye magoti mabovu. Yared alimwona akivuka reli akajua kwamba mambo yameharibika. Alisimama, mikono ina grisi.

"Shikamoo, dada Odilia."

"Marahaba, kaka Yared." Kisha bibi huyo akamshika mikono yote miwili, grisi na yote, akaanza kulia. "Umenitunzia. Miaka yote hii umenitunzia, na mimi sikujua. Wamekosea jina tu pale kwenye kioo, nimesomewa wameandika lako. Lakini mimi nimeijua."

Yared alimwongoza ndani. Angeweza kuvumilia matusi. Alikuwa amejiandaa nayo tangu mwaka sabini na tisa. Shukrani hakuwa amejiandaa nayo.

Walipoketi ndani, Odilia alieleza alichokitaka. Katika ukoo wao mtu aliyefia mbali huzikwa kwa kitu alichokishika siku zake za mwisho: shati, jembe, kikombe. Kisipopatikana, husubiriwa. Nafasi ya Theodory ilikuwa imeachwa pembeni mwa kaburi la mama yao, inapaliliwa kila mwaka kama shamba lisilopandwa. Na mtu asiyezikwa jina lake halirithiwi. Mwanawe Odilia, Yudith, alikuwa amepata mjukuu wa kiume, na mtoto ana miezi minne anaitwa Mgeni tu, kwa kuwa jina lililo zamu yake ni la Theodory na Theodory hajafika nyumbani.

"Nataka nimzike ndugu yangu kabla sijazikwa mimi," Odilia alisema. "Twende wote, kaka. Wewe watakusikiliza."

Elizabeti aliwafungia mihogo ya kuchemsha na karanga. Alipomkabidhi mumewe mfuko alimtazama sana, akasema, "Sijui uliacha nini huko, Baba Grace. Ukikikuta, usirudi bila hicho." Waliondoka alfajiri, wakapita Dumila wachuuzi wakiwanyanyulia nyanya na mahindi dirishani, na njia nzima Odilia alisinzia begani kwa Yared kwa amani kabisa.

Ras Chungwi walipokelewa na mhifadhi aitwaye Frank, kijana wa sare ya kaki, mpole, mwenye kuipenda kazi yake. "Shikamooni, wazee wangu." Walipomweleza shida yao alisema watazungumza, lakini kwanza awatembeze, maana wametoka mbali. Yared alikubali upesi. Mtu anayekwenda kuumbuka hukubali kuchelewa kokote.

Frank aliwaonyesha kuta za matumbawe na chokaa zilizojengwa na askari wa Sultani. Aliwaambia wageni wengi huuliza mizinga ilikuwa inaelekea wapi, naye huwapeleka kwenye mlango. Mlango mkubwa kuliko yote, wenye vyuma, ulitazama bara. "Mali ilitoka huko," alisema. "Pembe, na watu." Chumba cha chini hakikuwa na dirisha ila tundu la ukubwa wa sahani. Waliowekwa humo walikuwa wameshuka kwa miguu na misafara, wengine kutoka Usagara, milima ile ile Yared aliyoizoea nyuma ya stesheni. Ukutani palikuwa na mikwaruzo ya minyororo kwa kimo cha kiuno.

"Waliorudi ni wangapi?" Odilia aliuliza.

"Hakuna kitabu kinachosema juu ya aliyerudi, bibi."

Wajerumani walipoichukua ngome walisimamisha mti wa kunyongea uani, kwa ajili ya waliokataa kodi. Waingereza waliung'oa mti, wakaifanya gereza, halafu ghala la chumvi. Baada ya uhuru ilikuwa kituo cha polisi, halafu makao ya popo kwa muda mrefu, mpaka jeshi likaja na mafagio na chokaa mpya. Frank aliyasimulia haya yote bila kupaza sauti. Kila aliyeimiliki ngome ile alibadilisha bendera na kuacha kufuli, na mimi sioni kwa nini tuwasifu kwa bendera. Yared aligusa mikwaruzo ya ukutani kwa kidole, akakiondoa.

Ghorofani kulikuwa na chumba cha Kagera, chenye mwanga mwingi, na chupa ilikuwa humo. Kikaratasi kilisema: Chupa ya maji ya askari Yared Mhando, aliyoitumia vitani 1979. Odilia aliweka kiganja juu ya kioo. Frank alimwangalia Yared, Yared akaangalia viatu vyake.

"Sisi huandika alivyosema mtoaji," Frank alisema kwa upole. "Kama kulikuwa na kosa, linarekebishika. Familia ikidai kitu kwa ajili ya maziko, tunakirudisha. Lakini mtoaji lazima aandike maelezo kwamba si chake, na kilimfikiaje." Akawapa fomu na kalamu, akawawekea viti.

Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Mbele ya mgeni mmoja na kikongwe mmoja, kwenye nyumba ambayo imeona mabaya kuliko hayo. Yared alishika kalamu mpaka vidole vikauma. Kisha aliandika kwamba kombora lilimpiga Theodory, akafa papo hapo mikononi mwake, naye akaichukua chupa kutoka kwenye maiti ili kumtunzia. Odilia, ambaye macho yake hayakuweza tena maandishi, alimwomba amsomee. Akamsomea, sauti imara, kama shuleni. Odilia alilia tena na kumshukuru tena. Frank akagonga mhuri, akasema karatasi zitapanda kwa wakubwa, na kibali kikitoka ataileta chupa mwenyewe.

Yared alishuka ngazi za ngome akihisi mwili mwepesi. Aliona amepona. Wamefika mlangoni, ule wa vyuma, Odilia akasimama kupumzisha magoti.

"Sasa imebaki kazi yako," alisema.

"Kazi gani, dada?"

"Aliyekuwa na marehemu mwisho ndiye anayekiweka kitu kaburini. Na kabla ya kukiweka humwambia marehemu alipomwacha, na alimwachaje, ili aondoke hapo aje. Usiogope, ni maneno machache. Ila yawe kweli." Aliupangusa uso kwa khanga. "Mjomba wetu mmoja alifia kwenye mkonge, Kimamba. Aliyeleta shati lake aliona aibu kusema walivyogombana, akadanganya. Tulizika shati tupu. Mwaka huo huo tukazika watatu wengine, wawili watoto. Mama hakuacha kusema mpaka anakufa kwamba mjomba yuko njiani, hajui pa kupita."

Yared alitazama njia ya kuelekea bara. Akasema, "Nimeelewa."

Kibali kilichukua wiki tano. Kwa wiki hizo tano Yared aliharibu baiskeli nyingi kuliko alizotengeneza, na wateja wakaanza kulalamika. Alijiambia kwamba hizo ni imani tu za watu wa Mikumi, yeye ni Mwanglikana, Mkristo wa kitabu, kwake wafu hawasubiri maelekezo. Alijiambia pia kwamba ukweli hautamfufua mtu. Yote mawili yalikuwa maneno ya maana, na yote mawili hayakumsaidia. Kila alipofikiria kitoto kile kinachoitwa Mgeni, aliona kinaletewa jina ndani ya chupa tupu. Siku moja alimaliza kikombe cha maji kwa makusudi, mpaka tone la mwisho, kuona kama ataweza. Alikwenda uani akayatapika.

Siku ya maziko watu walikuwa kama sitini, wamekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba ya Odilia, malori ya barabara kuu yakinguruma upande wa pili wa miti. Frank alikuja na chupa ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kwa karatasi laini. Kaburi lilikuwa dogo, urefu wa mkono mmoja, pembeni mwa la mama. Katekista Gerald aliongoza sala, akanyunyiza maji ya baraka. Kisha Odilia akaitoa chupa sandukuni, akaibusu kwenye kiraka, akampa Yared.

"Mwambie, kaka."

Yared alipiga magoti. Chupa ilikuwa nyepesi sana.

"Theodory," alisema, "nilikuacha kwenye kinamasi, kule Uganda, siku kombora lilipo..."

Akakwama. Maneno aliyoyasema mara arobaini mbele ya wanafunzi yaligoma kutoka. Nyuma yake mtoto alilia, Yudith akambembeleza, watu wakasubiri. Mtu mmoja alisema taratibu, "Pole, mzee, uchungu huo," na hilo ndilo lililommaliza. Alianza upya, kwa sauti ambayo mkewe asingeitambua.

"Theodory, nilikuacha ukiwa hai. Hapakuwa na kombora. Ulipigwa risasi ya nyonga, ukalala chini ya mti mdogo wenye miiba, kushoto kwa njia, maji ya kinamasi yako mbele yako na huwezi kuyafikia. Niliifungua chupa yako kwenye mkanda. Nilisema nakuja na machela. Sikuja. Uko pale, chini ya ule mti. Utoke hapo, uje."

Kisha binamu mmoja wa Odilia akaruka juu, ngumi imekunjwa, na wanaume wawili wakamshika. Frank aliinamisha kichwa. Odilia aliinua mkono, wote wakanyamaza, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa, hauna chozi hata moja.

"Ilikuwa na maji?"

"Ilikuwa nayo, dada."

"Kiasi gani?"

"Nusu."

"Yeye alisema nini?"

Yared alitaka kufa. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kama ardhi ingemfungukia, angeingia kwa hiari. "Alisema, niachie kidogo."

Odilia aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei ya kitu. Miaka yote hiyo alikuwa amemwona ndugu yake akifa akitabasamu. Sasa ilibidi amwone mara ya kwanza.

"Yudith," aliita, "lete ndoo ya maji. Ya kunywa."

Ndoo ikaletwa na kikombe. Odilia aliisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Yared. "Mjazie," alisema. "Isiwe nusu. Ijae."

Yared alifungua kifuniko, ambacho kilikuwa kimeganda kwa miaka, akachota. Maji mengi yalimwagika kwenye udongo, akachota tena. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemsaidia. Chupa ilipojaa hadi shingoni aliifunga, akailaza kaburini kiraka kikiwa juu, akaweka udongo kwa mikono yake, kiganja baada ya kiganja, mpaka pakawa sawa. Katekista Gerald alisema amina. Ndipo Odilia akamchukua mtoto kwa Yudith, akamwinamisha juu ya kaburi, akamwita Theodory mara tatu.

Watu walirudi kwenye mikeka. Wanawake walipitisha beseni na jagi la kunawia mikono, kama ilivyo desturi baada ya kuzika. Yudith alimnawisha katekista, akamnawisha Frank, akamnawisha yule binamu. Alipofika kwa Yared, aliyeketi peke yake pembeni, mikono yake ina tope mpaka viwikoni, Yudith alimruka akaenda kwa mwingine.

Odilia aliona. Hakumtazama Yared, alikuwa anamfunika mtoto jua kwa khanga.

"Mrudie, umpe," alimwambia binti yake. "Kwetu maji hayanyimwi mtu."

Yudith akarudi. Yared alikinga mikono, akamiminiwa. Alipoondoka kwenda kutafuta gari la Kilosa, hakuna aliyemsindikiza mpaka barabarani.